Wastani wa Dirisha la Nne

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu za nyumba hii yenye watu wawili na redio moja. Mimi ni mzima. Mama ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Goti la kushoto limegoma tangu mwaka uanze, na la kulia linafanya kazi ya mawili. Daktari amempa dawa ya kuchua na mazoezi. Dawa anaitumia, mazoezi ananiachia mimi. Akiendelea hivi watampasua Agosti, kwa bima yangu ya kazini. Barua yako ya mwisho nimemsomea mara tatu, na kila nikifika pale uliposema unakula vizuri anaguna.

Simu nimekupigia mara nne na mara nne uko kikaoni. Sijui mnakaa vikao vya nini, watu ambao kazi yenu ni kuhesabu. Basi tuendelee na barua, mama mwenyewe anazipenda kuliko simu kwa sababu simu hasikii vizuri na barua hairudiwi kwa kelele. Utaratibu ni ule ule: ukurasa wa kwanza ni wa kumsomea yeye, wa pili ni wetu wawili.

Ukurasa wa pili ndio huu. Sijakwambia kwamba tangu Agosti mwaka jana nimehamishiwa dirisha la nne. Wewe hulijui tawi letu, kwa hiyo nikueleze. Tuna madirisha matano. Mteja wa shirika la maji akiingia anapewa namba na mlinzi, anakaa kwenye benchi, anaitwa. Zamani alikwenda dirisha lolote. Meneja wetu, yule tunayemwita Kiyoyozi kwa sababu hatoki chumbani mwake mwenye ubaridi, akaona wateja wenye hasira wanachelewesha foleni nzima. Akaamua wote wapelekwe kwangu. Alisema mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye pekee ninayeweza kumsikiliza mtu anayefoka mpaka akaishiwa. Nilijidai kidogo, sikufichi. Miaka kumi na tisa kazini, sifa yenyewe ndiyo hiyo moja.

Siku hizi mteja akimaliza anapewa kadi ya maoni. Anaweka alama kuanzia moja mpaka tano jinsi alivyoridhika, anatumbukiza kwenye sanduku. Kadi ya kila dirisha ina namba yake. Juzi alikuja fundi viatu mmoja na chupa ya maji yaliyotoka bombani kwake, rangi ya chai. Alinitukana nusu saa. Nikapiga simu kwa watu wa mabomba, nikapiga tena, nikasimama pale mpaka wakatuma gari. Akaondoka ananishukuru, kisha nikamwona anaweka alama mbili. Nikamuuliza kwa utani, mbili tu jamani? Akasema, "Dada, ungekuwa wewe ndiye shirika ningekupa tano. Hiyo mbili ni yako. Wao wana sifuri, ila kadi haina sifuri."

Wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Hizo kadi zikishakusanywa, zinafanywa nini?

Dada yako


27 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Mwambie mama shikamoo yake iko hapa pamoja na pole ya goti. Mwambie pia kwamba nakula vizuri kweli, kuna mama mmoja anatuletea chakula ofisini mchana, na nimeongezeka kilo mbili. Chumba nilichopanga kina dirisha linaloangalia ukuta wa jengo la jirani, lakini hakivuji. Mkuu wa idara ananipenda. Amesema mkataba wangu wa muda ukiisha mwishoni mwa Juni watanipa wa kudumu, kama kazi niliyonayo sasa itakwenda vizuri. Mama aniombee.

Ukurasa wa pili.

Kuhusu kadi, usijali sana. Hujumlishwa, hugawanywa kwa idadi yake, ukapatikana wastani. Dirisha likiwa na kadi mia tano na jumla ya alama elfu mbili, wastani wake ni nne. Ni kipimo cha huduma kwa ujumla, si cha mtu. Hakuna anayekaa kutazama kadi moja moja, na hiyo ndiyo faida yake.

Kazi niliyonayo ni ya namna hiyo hiyo, ya mteja wetu mmoja mkubwa. Siruhusiwi kusema zaidi, tumetia saini ya kutunza siri. Takwimu zilikuja zikiwa na safu saba kwa kila kadi. Mkuu alitaka ripoti ya ukurasa mmoja ambayo wakurugenzi wanaweza kuisoma wakiwa wanakunywa chai: kila dirisha na namba yake moja, basi. Nikaondoa safu sita. Alisifu mbele ya wote, akasema hatimaye amepata mtu asiyependa kujionyesha kwa majedwali.

Kitu kimoja nataka kukuuliza. Ulisema ulihamia dirisha la nne Agosti. Una hakika ilikuwa Agosti, siyo Januari? Nauliza tu.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo na anakuombea kila asubuhi, kwa sauti, ili nami nisikie kwamba kuna mtoto anayeombewa. Jirani yetu mwenye cherehani amejifungua binti. Paa la jikoni nimeliziba kwa bati la zamani.

Ukurasa wa pili ni mrefu leo, tulia uusome.

Ilikuwa Agosti. Kwa nini iwe Januari?

Jumatatu ya wiki iliyopita wamebandika karatasi ukutani, karibu na saa. Matawi yote, madirisha yote, kila dirisha na wastani wake kutoka kadi za Septemba hadi Desemba. Chini ya tatu kumepigwa mstari mwekundu. Katika tawi letu aliye chini ya mstari ni mmoja. Dirisha la pili lina nne nukta moja, yule binti anayepokea malipo huku anachat. Dirisha la nne lina mbili nukta tano. Wenzangu walisoma, kisha kila mmoja akakumbuka ana kazi.

Jumatano nikapewa barua. Inasema huduma yangu haikidhi kiwango na ajira yangu itasitishwa. Nimekata rufaa. Kamati inakaa tarehe kumi na mbili Juni, na mpaka siku hiyo nimewekwa chumba cha majalada, ninapanga mafaili yaliyokwisha kufungwa. Hakuna dirisha. Sisikii mtu akifoka tangu Jumatano na, utashangaa, ninazikumbuka kelele zile.

Nilikwenda kwa Kiyoyozi. Nikamwambia, wewe ndiye uliyeleta wenye hasira wote kwangu, waandikie hivyo. Akasema utaratibu ule haukuwa rasmi, aliutamka tu, hauko kwenye waraka wowote. Akaniambia nisimwingize. Alikuwa anapanga kalamu zake kwa urefu wakati anasema hayo.

Mama ilibidi nimwambie, maana aliniona nimerudi mapema. Akauliza wastani ndio nini. Nikamweleza kama ulivyonieleza. Akafikiri, akasema, "Goti moja linaniuma mpaka nalia, la pili haliumi. Kwa hiyo kwa wastani naumwa kiasi?" Nimecheka siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba nikitoka kazini na bima inatoka, na hilo linalouma litabaki linauma.

Wewe umesoma kitu hiki mpaka wakakupa cheti. Nisaidie. Niambie niiambie nini kamati ili waelewe kwamba mtu aliyepewa hasira peke yake hawezi kupata alama za mtu aliyepewa risiti peke yake. Najua jambo lenyewe, ila sijui mnalisemaje kwa lugha yenu. Andika upesi.

Dada


2 Mei

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi, na barua yako iliniwia ngumu kujibu. Kwa mama: mwambie nimenunua koti, mvua za huku hazina adabu. Mwambie nampenda.

Ukurasa wa pili. Pole sana na yaliyokupata. Nimefikiri. Kwa kweli wastani wenyewe hausemi uongo. Mbili nukta tano ni mbili nukta tano, ukirudia hesabu utaipata hiyo hiyo. Usiishambulie namba, watakuona unakwepa. Waombe tu kwamba wastani utazamwe kwa makundi. Pale chini upande wa kushoto wa kadi, mteja anaweka alama ya sababu ya kuja: malipo, maunganisho au malalamiko. Walinganishe malalamiko kwa malalamiko. Sema kwa upole. Usitaje majina ya watu, wala usiulize ni nani aliyefanya uchambuzi, haitakusaidia.

Kuhusu bima, tutaona. Usife moyo.

Mdogo wako


16 Mei

Profesa,

Mama ni mzima, koti limemfurahisha. Hapa ndipo ukurasa wake unapoishia.

Barua zangu zote huwa naandika kwanza kwa penseli kwenye daftari, kisha nanakili. Nimelifungua daftari. Nilikwambia kuna kadi, nilikwambia alama moja mpaka tano, nilikwambia namba ya dirisha. Sehemu ya sababu sikukutajia hata mara moja. Wewe unajua mpaka iko chini, upande wa kushoto.

Nikaenda kwa karani wa kamati kuomba nakala ya ripoti, ni haki yangu kama mkata rufaa. Nimepewa jana. Jina la mtu halipo, jina la kampuni lipo. Kampuni ni hiyo hiyo yako, ile ya vikao visivyoisha.

Sikuandikii ili unibembeleze. Nakuuliza neno moja. Uliponiuliza kama ni Agosti au Januari, ripoti ilikuwa imeshatoka mkononi mwako au bado?

Sasa sikiliza nilichofanya mimi, mtu asiye na cheti. Masanduku ya kadi yamehifadhiwa huku huku chumba cha majalada. Nani angejua kwamba watanifungia na ushahidi wangu. Mtunza stoo aliandika kwenye kitabu chake kwamba ameniruhusu kuzitazama, akatia saini. Nimetumia saa ya chakula siku tisa, na mwenzangu wa dirisha la kwanza alinisaidia siku nne. Tulizipanga sakafuni kwa mafungu, tukapiga vistari kwenye daftari, vitano vitano.

Dirisha la nne: kadi mia tano. Za malalamiko ni mia nne sitini, na wastani wake ni mbili nukta tatu. Zilizobaki ni za malipo, arobaini, za siku mwenzangu anapougua namshikia. Hizo wastani wake ni nne nukta sita.

Dirisha la pili: kadi mia tano pia. Malipo mia nne themanini, wastani nne nukta mbili. Malalamiko ishirini tu, ya siku nilizokuwa likizo. Wastani wake ni moja nukta nne.

Nilikaa pale sakafuni nikazirudia, nikidhani nimekosea. Kwenye malalamiko nimempita yule binti. Kwenye malipo nimempita vilevile. Nimempita kwa kila kitu mnachokipima, na mkichanganya pamoja yeye anapata nne nukta moja na mimi mbili nukta tano. Mwenzangu akasema huu ni uchawi. Nikamwambia hapana, kuna mtu amefuta safu.

Ninachotaka ni kidogo. Ukurasa mmoja, huo huo mnaoupenda, uliotiwa saini na aliyefanya uchambuzi, unaosema kwamba ukitenganisha sababu za kuja, mambo ni haya. Daftari langu watalitazama kama daftari la mwanamke aliyechongoa penseli ili ajitetee. Saini yako hawatabishana nayo. Ifike kabla ya tarehe kumi na mbili Juni.

Dada


3 Juni

Dada,

Leo sina ukurasa wa mama.

Umeuliza kama ripoti ilikuwa imeshatoka mkononi mwangu. Ilikuwa bado. Takwimu zilikuja kwa namba tupu, tawi la kumi na saba, dirisha la nne, na mwanzoni sikujua. Safu nilizifuta nikiwa sijui. Kisha barua yako ya Februari ikafika, nikatazama orodha ya matawi, nikajua. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya kuwasilisha. Nikazirudisha zile safu kwenye kompyuta yangu, nikatenganisha, nikaona haya haya uliyoyaona wewe sakafuni. Hesabu zako ni sahihi zote.

Nikakuuliza kuhusu Januari kwa sababu kama ungekuwa umehamia Januari, ile mbili nukta tano ingekuwa ya mtu mwingine. Nilitamani sana iwe ya mtu mwingine.

Nilikwenda kwa mkuu, nikamwambia labda tuongeze jedwali la sababu. Akaniuliza kwa nini, matawi yote au moja? Tulipopewa kazi hii kila mmoja wetu alijaza fomu kwamba hana ndugu anayefanya kazi katika shirika hilo. Nami nilijaza kwamba sina. Nilidhani ni karatasi tu, na niliitaka kazi ile. Ningesema kwa nini nalijua dirisha la nne, fomu ingetoka kabatini. Nikasema hapana, ni wazo tu. Ripoti ikaenda.

Najua unavyonisoma sasa hivi. Lakini tazama na upande huu. Nikitia saini, watauliza nimejuaje, watajua wewe ni nani kwangu, watasema dada na kaka wamepanga njama, na jedwali lenyewe litatupwa. Mimi nitafukuzwa, wewe hutarudishwa. Mkataba wangu wa kudumu unasainiwa tarehe thelathini na una bima ya wazazi. Tukianguka wote wawili, goti la mama litatibiwa na nani?

Nimekuwekea humu jedwali. Nimelichapa vizuri, limepangwa kitaalamu, lina kila kitu. Halina saini wala jina la kampuni. Lioneshe kamati pamoja na daftari lako. Wakiuliza umelipata wapi, sema ulisaidiwa na mtu anayejua. Nakuomba usinitaje. Ndilo ninaloweza, dada.

Mdogo wako


30 Juni

Wewe,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja, siku moja kabla. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka tarehe ya leo ifike kwanza, utie saini yako kwa utulivu.

Nikusimulie kamati, maana hakuna mwingine atakayekusimulia. Walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Kulia kwake bwana wa utumishi, kazi yake ilikuwa kuandika. Kushoto mama mmoja kutoka makao makuu, mwenye mafua, ambaye ndiye aliyeipokea ile ripoti kutoka kwenu na kuipeleka kwa wakurugenzi.

Nilifungua daftari. Niliwaeleza habari ya Kiyoyozi na wenye hasira wake, nikawaonyesha mafungu na vistari. Mwenzangu wa dirisha la kwanza alikuja kushuhudia ingawa alikatazwa, na mtunza stoo alileta kitabu chake. Mzee alitoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kujumlisha vistari vyangu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Ilimchukua karibu dakika ishirini. Akapata mbili nukta tatu. Akapata moja nukta nne. Akavua miwani akasema, "Huyu mama amempita mwenzake kote kote." Alisema hivyo, kwa daftari la penseli, bila saini ya mtu yeyote.

Hapo ningefunga mkoba nikakaa. Nilikuwa nimeshinda. Lakini yule mama mwenye mafua akasema daftari ni zuri, ila kuna mtaalamu aliyelihakiki? Na mimi, kwa ujinga wangu, kwa kuwa miaka yote nimeamini kwamba kitu kikitoka kwako ni cha uhakika kuliko changu, nikatoa jedwali lako.

Alilishika kwa ncha za vidole. Akafungua faili lake, akatoa ripoti yenu, akaviweka sambamba. Mstari wa juu ule ule wa bluu, herufi zile zile, vichwa vya safu vile vile, hata namna mnavyoandika "tawi" kwa kifupi. Akaniuliza nimelipata wapi. Nikasema nilisaidiwa na mtu anayejua, kama ulivyoniagiza. Akasema takwimu hizi hazijatoka nje ya kampuni na makao makuu, ni mali ya siri, kwa hiyo ama nimeziiba au kuna mtu amenivujishia. Bwana wa utumishi akaacha kuandika, kisha akaanza kuandika sana.

Mzee alijitahidi kunisaidia. Alinisemesha kwa upole, kama mtu anayemshika mkono mgonjwa avuke barabara. Akasema, mama, kama ni mtu wa ile kampuni amekupa, mtaje, tutamwita, atasema jedwali ni lake, na shauri lako limekwisha, unarudi dirishani kesho. Akaniuliza, "Una ndugu pale?"

Nikasema, "Sina."

Akauliza tena, nikasema sina.

Basi. Kosa la kwanza wamelifuta, limeandikwa kwamba wastani ule haukunitendea haki. Nimefukuzwa kwa kosa la pili, kukutwa na nyaraka za siri na kukataa kusema zilikotoka. Daftari lingenirudisha kazini. Msaada wako ndio ulionitoa.

Usije ukadhani nilinyamaza kwa kukupenda, ukapata la kujifariji. Umeandika kwamba tukianguka wote wawili goti litatibiwa na nani. Ulilisema kwa woga, lakini ni hesabu, na ilikuwa sahihi. Mama alikuwa na watoto wawili wenye kazi. Pale mbele ya kamati ningekutaja ungeondoka, na mimi sikuwa na hakika kwamba wangeniamini tena baada ya kusikia ni mdogo wangu. Nikaona bora abaki na mmoja wa uhakika. Kwa hiyo muandikishe kwenye bima yako wiki hii. Picha zake mbili na nakala ya kitambulisho zimo humu kwenye bahasha. Daktari anamtaka Agosti tarehe tano, na utamlipia usafiri wa gari lenye kiti cha kulala, si basi. Hili sikuombi.

Mama sijamwambia. Anajua nilishinda rufaa, kisha nikaacha kazi mwenyewe kwa sababu nilichoka kufokewa, na ameniamini, kasema nilichelewa kuacha. Anakusifu kwa wageni. Jana alimwambia mwenye cherehani kwamba ana mtoto ofisi kubwa, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo namenya viazi.

Barua zako mwandikie yeye, kwa jina lake. Mwenye cherehani anasoma vizuri, tumeshapatana, atamsomea kila zinapofika. Ukurasa wa pili usiandike. Nimeulizwa mara mbili mbele ya watu kama nina ndugu pale, na mara ya pili jibu halikunipa shida.